Senti za Mama na Ndimu Zako

Baba Sheila,

Maharagwe yako jikoni, yameiva, yanataka chumvi tu. Kama imebaki, maana leo asubuhi uliichanganya na ndimu ukisugua senti za marehemu mama yangu.

Senti kumi na mbili za shaba, zile zenye tundu za wakati wa mkoloni. Mama alizivaa shingoni kwa kamba akilima huko Mghange, mpaka jasho lake likazigeuza kijani. Mimi natoka sokoni nakuta zimeanikwa dirishani, zinang'aa kama vifuniko vya soda, nawe umesimama kando unangoja pongezi. "Nimetoa kutu yote, Mama Sheila!" Hongera. Miaka kumi na sita ya ndoa hujawahi kusugua hata sufuria moja, leo ndiyo mkono umepata nguvu.

Kuku wafungiwe mapema. Maji ya mfereji yanakuja kesho, jaza mitungi yote. Ndimu mbili zimebaki, na masufuria machafu ni matatu. Mtaalamu, endelea.

Najua ulitaka kunifurahisha. ~~Nimekusamehe.~~ Nitakusamehe nikishafika kwa dada Rachel na hasira ikipoa. Narudi ~~Jumapili~~ Jumatatu.

Senti zote nimekuachia, vaa wewe, zinakufaa. Lakini ile kamba uliyoiona uchafu ukaitupa kwa pipa, nimeiokota na nimeenda nayo. Hiyo hukuiosha. Bado ina kijani cha mama.

Wako, kwa sasa,
Mama Sheila