Damu Uliyosema Haibadiliki

Mjomba,

Shikamoo yako leo sikupi. Ulipokuwa hai nilikupa kila asubuhi, hata mwaka ule uliponiharibia maisha, nawe ukaitikia marahaba macho yako yakiwa kitabuni. Imetosha.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike hapa Newala. Mikorosho yako imetoa maua. Mama bado anamlilia kaka yake, na kila anayepita anatupa pole kwa kuondokewa na mwalimu aliyefundisha kwamba watu ni sawa. Mimi naitikia huku nimeng'ata midomo.

Maana nilikuwa darasani mwako, dawati la mbele. Ulipiga mstari katikati ya ubao. Huku Uhindu: roho isiyokufa, inahama mwili hadi mwili, na mtu huzaliwa tabaka la juu au la chini kwa matendo ya maisha yaliyopita. Huku Ubudha: kuzaliwa tena kupo, lakini roho ya kudumu hakuna, kila kitu hubadilika, na mateso yanatokana na kung'ang'ania. Ukatueleza jinsi Budha alivyowapokea vinyozi na wafagiaji, wakakaa pamoja na watoto wa wakubwa. Ulisema kwa uchungu hadi chaki ikakukatikia mkononi. Nikakuamini, mjinga mimi.

Kisha Bakari wa Chiwata akaleta barua ya posa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, mama akakuachia. Ulimrudisha mshenga hata maji hajamaliza kunywa. Nilikuwa nyuma ya mlango ulipomwambia mama: "Babu wa babu yake alikuwa mtumwa, alinunuliwa. Damu haibadiliki."

Kumbe! Kila kitu kinabadilika huko India, ila Chiwata hapana.

Nimesoma vitabu vyako vyote tangu ufe, nikitafuta ulikoitoa kauli ile. Sikuiona. Nilichoona ni kwamba hata kwenye nchi za Wabudha wapo wanaoulizana ukoo kabla ya kuoana, na kwamba Wahindu wengi wamepigana na hayo matabaka, jambo ambalo hukutuambia. Ulitupa Wahindu tuwacheke ili tusikutazame wewe.

Bakari alioa kule Kitangari. Siku ya maziko alikuja, akatia bega kwenye jeneza lako. Mimi sikuolewa, unajua. Na hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe, kwa kuwa nilinyamaza.

Sasa wiki hii imekuja posa ya Zuhura, binti wa dada yangu. Kijana ni fundi baiskeli wa Chiungutwa. Kaka Issa, aliyekalia nafasi yako, akanituma nikaulizie asili yao, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikapanda bodaboda, nikauliza kama analewa, kama anapiga, kama ana mke mwingine. La ukoo sikuuliza. Issa aliponikaripia mbele ya wazee wa ukoo, nikawaambia wote sababu ya mimi kukaa bila mume, neno kwa neno ulivyolisema. Mama akajifunika kanga usoni. Kisha akasema humo humo ndani ya kanga: "Pokeeni hiyo barua."

Basi lala, Mjomba. Dua nitakuombea, ni wajibu wangu. Msamaha nimeutafuta, sijaupata. Nakuahidi moja tu: maadamu nipo hai, nyumba hii haitamuuliza tena mchumba wa mtu nani alimnunua babu yake. Na anayebisha nitamwambia ulichonifanyia, kwa jina lako.

Mpwa wako,
Somoe