Meno ya Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa! Nimeitwa, nimeitwa, nimeitwa! Chuo cha meno wamepiga simu mchana, nikiwa nimebeba trei ya vyombo vya kuchemsha. Nusura niimwage miguuni mwa Daktari. Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kwanza mtihani wa mikono — kuchonga jino kwa sabuni! — halafu usaili. Nafasi chache, watu kibao. Lakini nimeitwa!

Daktari alinipongeza bila kusimamisha drili. Ndivyo alivyo. Niko hapa kliniki kwake tangu nimalize shule — nafuta kiti, naita wagonjwa, nashika bomba la kunyonya mate — na sijamwona hata siku moja akishangilia kitu. Leo aliinua kidole gumba ndani ya glavu. Kwangu hiyo ni sherehe kamili.

Nyumbani Mama kapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Baba kasema vizuri, vizuri. Halafu akauliza kama chuo hicho hakina nafasi za udaktari wenyewe. Kwake daktari wa meno ni daktari nusu. Mwili mzima upo, eti wewe unachagua mdomo! Leo hanikasirishi mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nachonga. Nimejifungia chumbani na mche wa sabuni, kisu kidogo cha jikoni na kioo cha kabati. Napanua mdomo, naangalia gego langu la chini, nachonga. Napanua, naangalia, nachonga. Taya zinauma kama nimetafuna matofali.

La kwanza limetoka kiazi. La pili, kiazi kilichokaliwa. La tatu — jamani, la tatu ni jino! Vilima vyake vitano juu, mabonde katikati, kiuno kinabana pale linapoingia kwenye fizi. Nimeliweka kiganjani nikalitazama kama mtu aliyeokota dhahabu.

Mama katafuta sabuni yake nyumba nzima. Kauliza kama siku hizi tuna panya wanaopenda usafi. Nikamwonyesha gego. Kaligeuza huku na huku, kasema ni zuri sana, ila mashuka hayafuliwi kwa gego.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu ya mwaka.

Kila mtu anasema swali la usaili ni lile lile: kwa nini unataka kazi hii? Basi nimeandaa jibu la kutoa watu machozi. Nikasimama mbele ya kabati, mkono kifuani, nikaanza: Tangu utotoni nilimwona bibi yangu mpenzi akiteseka, hana hata jino moja mdomoni, anakula vya kupondwa tu...

Mlango ukafunguka. Bibi mwenyewe!

Nani hana meno? Mimi? Mimi?! Akanisukuma mpaka nikakaa kitandani, akapanua mdomo, akaniamuru nihesabu. Nimehesabu. Yapo yote, na yanang'aa kuliko yangu. Akasema kama nataka kibogoyo wa kulilia mbele ya watu, nikaazime wa jirani, yeye jina lake nisiliharibu huko vyuoni.

Nimeomba radhi. Amekataa. Chakula cha jioni ametafuna mfupa kwa makelele, macho kwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsimulia Daktari mkasa wa Bibi nikidhani atacheka. Wapi! Kasema amewahi kukaa kwenye meza ile ya usaili, na kila mwaka waliletewa mabibi. Vibogoyo watupu, kila mmoja anateseka kuliko mwenzake. Wazee wa pale wamechoka. Wewe waambie la kweli, kasema, kisha akaniomba pamba.

La kweli lipi sasa? Nimeulizwa mara ngapi, na mara zote nimejibu kuwa napenda kusaidia watu. Nasaidia watu, sawa. Lakini hata anayefagia stendi anasaidia watu. Mbona mimi sitaki kufagia stendi? Nimeudhika kidogo. Nimechonga mawili, yote mazuri.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya leo! Niiandike kabla haijanitoka.

Asubuhi alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mama wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, kiganja mdomoni. Anazungumza kiganja kipo, anakohoa kipo, anatoa jina lake kipo. Nilipomkalisha kitini ndipo akakishusha. Jino la mbele limevunjika kimshazari, limebaki nusu. Aliteleza bafuni muda mrefu uliopita. Tangu hapo darasani anaandika ubaoni tu, anawapa mgongo wanafunzi, maana akicheka wanamwiga.

Daktari akasema leo tutalijenga. Hakuna kung'oa. Akatoa kile kibao chenye vipande vya rangi za meno, vyeupe vya kila namna. Akaviweka vitatu karibu na jino, akavitazama, akakunja uso. Halafu akanigeukia mimi. Kipi?

Mimi! Nikainama. Nikaomba taa izimwe, tutumie mwanga wa dirishani. Nikasema cha katikati, lakini si chote: pale juu kwenye fizi meno yake yamekolea kidogo, kama karatasi ya zamani, na pale chini kwenye ncha kuna weupe wa kupitisha mwanga. Daktari akavisogeza tena kwenye jino. Akasema, basi tutachanganya rangi mbili.

Nikashika taa, nikashika bomba la mate. Alijenga kidogo kidogo — tone, taa ya buluu, tone, taa ya buluu. Akasugua. Akang'arisha. Na mimi naona jino linatokea pale pasipo na kitu! Nilisahau kupumua. Barakoa ilikuwa imelowa.

Tukampa kioo. Akakitazama kwa muda. Akapitisha ulimi. Halafu — akacheka! Mdomo wazi, mikono yote miwili magotini, anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikacheka, na mgonjwa aliyekuwa anasubiri nje akacheka bila kujua sababu. Hata Daktari alivua barakoa. Sikuweza kuona lile jino lilianzia wapi na kuishia wapi. Nililitafuta, sikuliona!

Sasa naandika hapa kilicho kweli, maana hakuna wa kunisoma. Sikumwonea yule mwalimu huruma. Nilifurahi naye, ndiyo, sana. Lakini nilichohisi nikiwa nimeinama pale ni wivu. Niliionea wivu mikono ya Daktari. Nilitaka iwe yangu. Nilitaka mwalimu aondoke upesi aje mwingine mwenye jino lililovunjika vibaya zaidi!

Je, mtu anaweza kwenda kusema hivyo mbele ya wazee wa chuo? Watanifukuza na sabuni yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Balaa, balaa.

Nimempelekea Daktari meno yangu yote kwenye kisanduku cha viatu, nimeyapanga juu ya kitambaa kama mauzo. Magego ya chini ya kulia, nikamwambia kwa maringo. Akachukua moja. Akaligeuza. Akachukua la pili, la tatu. Akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

Yote ni ya kushoto! Yote! Nilikuwa najitazama kwenye kioo! Kioo kinageuza, na mimi nimekifuata kwa uaminifu, kilima kwa kilima. Nimechonga kinyume kwa ustadi mkubwa. Mtihanini jino la upande usio wake halina alama, kasema, hata kama limechongwa na malaika. Kulia kwa jino ni kulia kwa mwenye jino.

Na mikono imeshazoea! Nimejaribu jioni kuchonga la kulia kwa kufikiria tu. Mkono ukaenda kushoto wenyewe, kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani.

Daktari kasema nisiangalie kioo tena, wala picha. Nimtazame mtu hai, ana kwa ana, mdomo mbele ya macho yangu. Kliniki kesho imefungwa, anakwenda mkutanoni. Kwa hiyo nahitaji mdomo. Nani ananipa mdomo?

Jumanne, 11 Machi

Mama: akipanua tu, anacheka. Sekunde mbili, kicheko. Haiwezekani.

Bibi: kasema vibogoyo hawana cha kuonyesha. Akapita zake.

Nikabaki nimekaa mlangoni na kisu na sabuni, karibu kulia. Baba alikuwa anasoma gazeti. Akalikunja. Akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa, akasema haya, fanya haraka. Sikuamini. Baba! Wa daktari nusu!

Akapanua. Nikawasha tochi ya simu. Na pale, chini kulia, gego lile lile ninalolitaka — lina shimo. Shimo ambalo ningeweza kuficha punje ya mahindi. Ukuta wa nyuma umeondoka, katikati kweusi. Nikashusha simu. Nikamuuliza ni tangu lini. Akafunga mdomo. Kasema si kitu, linauma usiku tu na mchana kidogo. Kumbe anatafunia upande mmoja miezi yote hii, mezani pangu, mbele ya macho yangu — mimi, mtu wa meno!

Nikamwambia twende kwa Daktari. Akasema hapana. Nikasema kuna ganzi. Akasema anajua ganzi, anajua na sindano yake. Mtu huyu huyu aliwahi kumtoa nyoka jikoni kwa ufagio! Nilipombana zaidi akasema sawa, atatibiwa, lakini na mimi tu. Nikimaliza chuo. Baba, hiyo ni miaka mitano! Kasema yeye ni mvumilivu. Jino si mvumilivu, nikamwambia, siku moja utavimba shavu mpaka shingoni, utashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Tukabishana mpaka tukacheka.

Halafu akapanua tena, na akavumilia. Upande wa kushoto nimeuona mzima, wa kulia nikauangalia kwa yale yaliyobaki, nikalinganisha. Saa nzima alikaa, shingo nyuma, anameza mate kwa shida. Nimechonga moja. La kulia! Nimelikagua mara tatu. La kulia!

Jumatano, 12 Machi

Kesho. Siwezi kula. Nimechonga manne, yote ya kulia.

Mama kaninyooshea nguo. Bibi kapita akaniwekea kitambaa safi cha mkononi juu ya begi. Nadhani nimesamehewa nusu.

Baba kanifuata uani nikianua nguo. Alizungukazunguka kwanza, akaongelea mawingu. Mwishowe akasema: wakikuuliza kwa nini, na kama inasaidia, wataje meno yangu. Waambie baba yangu anaumwa na anaogopa. Mimi sitajali.

Anajali! Baba ambaye hata homa huificha. Sasa ninayo habari ya kutoa machozi, ya kweli tupu, hata Daktari hawezi kuipinga — na siitaki. Siendi kule kwa sababu ya shimo la Baba. Nilitaka kwenda kabla sijaliona. Nikimtaja nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu kwa ajili ya jibu lisilo jibu langu. Nimemwambia ahsante Baba. Sikumwambia mengine.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwenye benchi, korido ya chuo. Mikono inanuka sabuni. Naandika ili muda uende.

Mtihani kwanza. Gego la kwanza la chini, kulia! Nilitaka kupiga kelele. Mkono ulianza kwenda kushoto, nikaukataza, nikamwona Baba dirishani, shingo nyuma. Nimelimaliza. Nilipoliweka kwenye trei pamoja na ya wengine, nililiaga kama mtoto anayekwenda shule.

Sasa usaili. Tunaitwa mmoja mmoja na karani mwenye kalamu sikioni. Wote wanakariri midomo ikicheza. Nimesikia bibi mmoja kibogoyo, na babu wawili.

Pembeni yangu msichana wa kilemba cha kijani, kiganja shavuni. Nilidhani anawaza. Kumbe limevimba! Nikamuuliza. Akaninong'oneza kwamba linauma tangu juzi, nyuma kabisa, na anaona haya — mtu anakuja kuomba udaktari wa meno na shavu kama puto! Nikamwambia nionyeshe. Akakataa. Nikamwambia nionyeshe bwana! Akapanua kidogo, alivyoweza, nikawasha tochi.

Nimeona! Gego la mwisho, limetoka nusu, limelala, na fizi imelifunika kama shuka, imevimba, imenasa uchafu chini yake. Sijawahi kuliona hivi waziwazi! Nilikuwa namweleza — maji ya uvuguvugu yenye chumvi, leo hii uende kliniki, usiache mpaka kesho — na niligeuza tochi kidogo nione upande wa ndani. Karani akaita. Sikusikia. Akaita tena. Nikasema subiri kidogo.

Nimesema SUBIRI KIDOGO. Kwa karani wa usaili. Bila hata kugeuza shingo.

Karani akanitazama, akakata kitu kwa kalamu, akamwita msichana wa kilemba badala yangu. Mimi nitaingia wa mwisho, kasema, kama muda utabaki.

Nilikuwa na kazi moja leo, moja tu: kuingia mlango ule nikiitwa! Nini kilinipata? Hata siwezi kusema ni huruma, yule ananyang'anyana nafasi na mimi. Nilitaka kuona, basi. Natamani kulia, na bado nalifikiria lile gego lilivyolala. Mungu anisamehe, sijuti vya kutosha.

Amekaa ndani muda mrefu kuliko wengine wote. Hakuna sauti.

Mlango umefunguka. Msichana ametoka, hanitazami. Nyuma yake mzee mwenye miwani, anauliza ni nani aliyemtazama huyu mdomoni hapa kwenye benchi. Kalamu ya karani inanielekea mimi. Nimesimama. Naandika nimesimama. Mzee hacheki. Hakuniuliza kwa nini. Ameuliza: uliona nini?

Najua nilichokiona! Naingia —