Limau na Sarafu ya Kirumi

Bibi, shikamoo. Huku Brussels mvua haikatiki, na leo nusura moyo unitoke. Profesa wangu, mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Kongo, alinipa sarafu ya shaba ya Kirumi iliyofukuliwa ardhini, tujue ni ya mji gani na mwaka gani. Imejaa kutu ya kijani. Nikachukua kipande cha limau nisugue, kama tunavyosugua sinia lako la shaba la arusi. Akanidaka mkono: "Acha, maman! Herufi iko mu hiyo kutu!"

Akaiinamisha dirishani. Mwanga wa ubavuni ukaibua jina la mji, kisha mwaka.

Bibi, jina la Babu lililochongwa kwenye sinia halikufutwa na uzee. Nililifuta mimi, Idi baada ya Idi. Nisamehe.

Mjukuu wako, Zaina