Majani ya Mbuzi wa Akika

Jumatatu, 21 Aprili 2025
Nondo wa kijivu wamejaa taani tangu magharibi, hata ndani ya chai. Fondo, muuza majani wa Makadara, asema kwao Mariakani mvua ikija baada ya kiangazi kikali ndivyo huwa: leo nondo, mwezi ujao viwavijeshi. Huko juu Areej kapiga mayowe kwa mdudu mmoja. Mke mwenzangu huyo — mimba kubwa, akili ndogo. Mume wetu Hamdan kapanda mbio kumwokoa. Wangu wa huku chini nimewafagia mwenyewe.

Jumatatu, 12 Mei
Areej kajifungua jana. Mwanamume. Hamdan ameleta mabeberu wawili wa akika, wanono, kawafunga uani, mlangoni kwangu! Mwanangu Ziad alichinjiwa mmoja, tena mkonde. Nimeagizwa niwalishe mpaka Jumamosi, siku ya saba. Eti nina mkono mzuri.

Alhamisi, 15 Mei
Redioni, bwana shamba: viwavijeshi wamemaliza malisho ya bara. Nyasi zinazochipuka nyuma yao zina sumu. Mifugo isipewe kwanza, hufa ghafla.

Nikazima redio.

Ijumaa, 16 Mei
Fondo kaleta mzigo. Majani mabichi, laini. Nimemuuliza ya wapi. Ya Mariakani, asema, viwavi wamepita, yamechipuka upya. Hana habari. Nikamwambia ahsante, weka hapo.

Leo sitawapa. Kesho asubuhi. Wafe kabla ya kisu, wawe nyamafu, wageni waje wakute masufuria matupu na Areej analia. Nimekaa jikoni nacheka peke yangu.

Jumamosi, 17 Mei
Walikula kwa pupa. Wa kwanza kaanguka, kafa. Raha iliyoje! Wa pili akawa ayumba, povu mdomoni. Hapo Hamdan akatoka mbio na kisu. Yu hai bado, asema, ni halali. Bismillahi — kamchinja.

Hilo sikulifikiria.

Wa kwanza, asema, kauawa na jua. Wa pili amepikwa pilau. Nimesingizia tumbo, nikabaki chini. Sasa Areej katuma salamu: dada Jihan asiwe na wasiwasi, Ziad amekalishwa kando ya ndugu yake mchanga, naye ndiye kaka mkubwa, basi kapewa ini lote.

Ini!

Nikipiga kelele wataniuliza nimejuaje. Nimesimama chini ya ngazi, kalamu mkononi, namsikia Ziad tu. Anacheka. Sasa aniita: mama, nikuletee nawe ini?