Shoka Linakungoja Got Omuya

Mpendwa kaka Otieno,

Barua hii sijaifunga, na ni kwa makusudi. Simu yako haipatikani tangu mvua hizi zianze, kwa hiyo nimempa mama mmoja anayenunua omena Remba, naye atamwachia yeyote anayekufahamu huko kisiwani. Wewe unayeisoma, kama si Otieno, tafadhali mtafute umsomee. Usikawie.

Kaka, kilima chetu kinateremka. Chemchemi tuliyokuwa tukichota maji imekauka katikati ya masika, na maji yametokea kule chini kwa kina Auma, mekundu na mazito. Nyuma ya ghala la Mama kuna ufa. Juzi niliingiza mkono ukafika kiwiko, leo umefika begani. Mlango wa nyumba kubwa haufungiki tena, ingawa mdogo wetu Omondi ameuchonga mara mbili. Majirani wote wameshahama. Asubuhi nikipanda kutoka kwangu Kosele, moshi ninaouona Got Omuya ni wa jiko la Mama peke yake.

Chifu alikuja. "Mzee, hii mlima inakuja," alisema. "Hamisha watu leo. Si kesho, leo!"

Baba akamjibu, "Kijana yangu ya kwanza bado hajafika."

Chifu hakuelewa, au alijifanya haelewi. Wewe unaelewa. Boma jipya kwetu halianzishwi hivi hivi tu: baba hubeba jogoo, mama hubeba moto, na mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka. Ndivyo Babu alivyopanda hapa, akikimbia mbung'o waliomaliza ng'ombe wake bondeni, na aliyebeba shoka alikuwa Baba, akiwa bado mdogo. Tumeisikia hadithi hiyo jioni ngapi, wewe ukimwigiza yule jogoo mpaka Mama anaangusha mwiko kwa kucheka?

Na ni shoka lilo hilo ulilokatia miti ya juu. Nakumbuka tukishuka sokoni Kosele na magunia ya mkaa, uso wako mweusi tititi, meno tu ndiyo yanayoonekana. Uliniambia, "Wewe beba hili dogo. Hicho kichwa ni cha kusoma, kisibonyee." Mkaa ule ndio ulionilipia karo. Siku Baba alipokuta mlima umenyolewa, alikupokonya shoka akakufukuza mbele ya kijiji kizima. Mimi nilisimama nyuma ya ghala na sare mpya ya shule mwilini. Sikusema kwamba ulikata kwa ajili yangu. Naona aibu hadi leo, kaka, na najua nawe unaona yako, ndiyo maana umejificha kwenye maji. Lakini aibu zetu hazizibi ufa.

Omondi aliomba abebe yeye. Baba alimkazia macho. "Wewe ni wa pili. Ukilishika shoka hili, tumemzika Otieno." Kisha akaketi mlangoni akaanza kulinoa. Analinoa kila siku. Mama yuko ndani, na amesema hatoki pasipo Baba.

"Nyara, atakuja tu," Baba ananiambia. Binti yangu, atakuja tu. Chini ya kiti chake udongo unachuruzika kidogo kidogo, nami nausikia.

Sasa nikuambie ninalotaka kufanya, maana linanitisha. Nikimwambia Baba kwamba boti lilipinduka Remba nawe ukazama, atalia, kisha atampa Omondi shoka. Atashuka. Mama atashuka. Watapona wote. Lakini wewe utakuwa umekufa, kaka. Watazika tunda la yago kwa jina lako, kama anavyofanyiwa mtu ambaye ziwa halikumrudisha, na mtu aliyekwisha kuzikwa haingii tena langoni. Ukitokea siku moja, Mama atakukimbia. Nami ndiye nitakayekuwa nimekuua, mimi uliyenipunguzia mzigo.

Leo ni Jumanne. Ukipanda boti hadi Mbita, Alhamisi unaweza kuwa hapa. Baba hana ugomvi nawe tena, hata mti mmoja hautaji. Anachotaka ni kukuona ukitangulia mbele yake na shoka begani.

Nitangoja hadi Jumamosi jioni, ufa ukituruhusu. Yago nimeshalichuma. Ni refu, zito, nimelifunga kwa leso yangu na kulificha chini ya kitanda hapa Kosele, na tangu niliweke hapo silali. Njoo unikute nalo, tulitupe pamoja.

Ziwa likupe njia.

Ni mimi dada yako, hadi Jumamosi.