Saa ya Matangazo ya Misiba

Kolwezi, 5 Februari 2024

Yaya Omer, kaka yangu mkubwa,

Habari ya nyumbani? Naomie na batoto wanaamkaje? Sisi tuko wazima. Ninaandika kwa sababu simu yangu unaikata, na ugomvi wetu wa redio umenichosha.

Tangu parokia isimamishe mlingoti wa redio unayoiendesha karibu na depo yetu ya mafuta, bomba la kupakulia esansi, petroli ya magari, linatuchoma vidole. Chuma kinanasa mawimbi yenu. Shefu ameongeza waya wa kushusha umeme ardhini, lakini tukimaliza na kuutoa ndipo cheche inaruka, na mvuke wa esansi uko palepale. Tafadhali, zima redio tunapopakua.

Mudogo wako,
Fidélie

Kolwezi, 9 Februari

Mudogo,

Hatujambo, Mungu asifiwe. Malori yenu yanafika saa sita, saa ya matangazo ya misiba. Kule mashambani simu haishiki. Watu wanajua kifo kwa redio yetu tu. Nikizima, nimwambie nini aliyefiwa? Mwambie shefu wako apakue saa nyingine.

Yaya wako,
Omer

Kolwezi, 16 Februari

Yaya,

Salamu kwa wote. Shefu amekataa, anasema malori hayangoji. Jana glovu ya Gael, mwenzangu, ilishika moto alipotoa waya. Tuliuzima kwa mchanga. Akaniambia, "Fidélie, leo tulikuwa tunakufwa."

Ninaogopa, yaya. Kila nikianza kupakua nitapandisha bendera nyekundu. Ukiiona, zima.

Mudogo wako,
Fidélie

Kolwezi, 2 Mei

Mudogo,

Unaendeleaje? Hapa si vizuri. Tangu barua yako nimekuwa nikizima.

Jumanne baba mkwe wangu, Tata Kabemba, alifariki. Naomie mwenyewe alileta tangazo la kuwaita ndugu zake walio shambani Mutshatsha, wawahi gari la saa saba. Bendera yako ilikuwa juu. Alisimama na karatasi yake: "Omer, ni tata yangu mi." Nilizima hata hivyo. Bendera uliishusha saa nane. Ndugu zake walifika baada ya maziko, kaburi limekwisha kufunikwa.

Naomie hanisemeshi. Ananiwekea chakula, anageuka. Sijui kama nilifanya vyema.

Yaya wako,
Omer

Kolwezi, 4 Mei

Yaya wangu,

Pole. Pole sana. Sikujua kwamba kwenu kuna msiba.

Jumanne ile hakukuwa na upepo. Mvuke ulitulia miguuni mwetu, Gael akakohoa mpaka akakaa chini. Nilipotoa waya nilifumba macho. Hakukutokea cheche, maana ulikuwa umezima.

Kesho nitakuja na batoto wangu wawili. Sitamwomba Naomie akusamehe. Nitapiga magoti mbele yake tu, atuone, batoto na mama yao mzima.

Mudogo wako,
Fidélie