Chumvi Niliyozidisha Mimi

Jumanne, Vällingby, Uswidi

Bado namwona Keiko, Mjapani anayetuongoza jikoni, alivyoinama leo mbele ya wazee tunaowapikia kwenye makao yao. Supu niliitia chumvi kupita kiasi mimi. Tena nilikuwa nimeshasingizia kifuniko cha kopo la chumvi, eti kilifunguka chenyewe.

"Kosa ni langu, naombeni radhi," aliwaambia kwa Kiswidi. Kichwa kilikaa chini mpaka wazee wenyewe wakaona haya.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini ajidhalilishe hivyo.

"Sikuonja kabla ya kupakua," akanijibu jikoni. "Hilo ni langu." Wala hakuniuliza lolote. Akanimiminia chai.

Kwetu tungesema shetani kanipitia, yakaisha.

Kesho nitamwambia... La. Kesho nitawaambia wazee, nikiwa nimesimama palepale aliposimama yeye.